Ukuta Nilioufunga Mdomo

Shangazi alivuta kitanda chake kutoka ukutani, akasogea pembeni kunipisha nitazame. Hakusema kitu.

Ubao wa kichwani ulikuwa umeota kuvu nyeusi upande wa nyuma. Kwenye kona, juu kidogo ya usawa wa mito, ukuta ulikuwa na vidoa vyeusi vilivyosambaa kama masizi yaliyorushwa kwa vidole. Chini yake, kuanzia sakafuni hadi karibu na kiuno changu, rangi ilikuwa imevimba malengelenge. Mengine yalishapasuka, na kando ya sakafu ulilala mstari wa unga mweupe.

"Huo nafagia kila wiki," akasema. "Nilidhani ni uchafu wangu."

Maneno hayo yamenikaa kifuani wiki saba sasa. Mtu aliyenilea, anayeamka kabla ya jua kupangusa nyumba yake, alikuwa akilala ubavuni mwa ukuta unaooza na akaona aibu kuniambia. Na ukuta huo mimi ndiye niliyeupaka rangi.

Mara mbili.

## Picha tatu

Usiku ule nilipekua picha za zamani kwenye simu, zile zilizopigwa kwa ajili ya mambo mengine kabisa: mtoto wa binamu amesimama dede, kabati jipya, mwanga wa dirisha asubuhi. Nikapata mbili zinazoonyesha kona ileile, nikaziweka pamoja na ile niliyoipiga mchana. Soketi ya umeme ndiyo iliyonisaidia kupima, maana haijawahi kuhama.

Ya kwanza ilipigwa kabla sijapaka chochote. Doa lipo, la rangi ya maji ya udongo, linaishia chini ya soketi, kama sentimita 30 kutoka sakafuni. Ya pili ni ya mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya mimi kupaka mara ya kwanza. Doa limeigusa soketi. Ya tatu ni ya siku kitanda kilipovutwa, nami nilikuwa nimeshapaka mara ya pili. Doa limeipita soketi na kusimama kwenye sentimita 80 hivi.

(Kama doa limeifikia soketi yako, acha kusoma kwanza. Zima umeme wa njia hiyo, umwite fundi umeme. Mengine yanaweza kusubiri.)

Kila nilipopaka, maji yalipanda.

Nilikuwa nimezoea kuliona jambo hili kwa namna moja: ukuta unaumwa, rangi ni dawa, dawa imeshindwa, tafuta dawa kali zaidi. Picha zile zilinilazimisha kuuliza swali ambalo sikulitamani jibu lake. Vipi kama dawa ndiyo iliyouzidisha ugonjwa?

## Ukuta unavuta maji

Watu husema "ukuta unavuta maji", na ni kweli kuliko wengi wanavyodhani. Tofali la kuchoma limejaa vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na maji hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Kadiri kinyweleo kilivyo chembamba, ndivyo maji yanavyoweza kupanda juu. Daktari Mwingereza James Jurin aliieleza kanuni hiyo mwanzoni mwa karne ya 18. Ukiitumia kwa kinyweleo chenye nusu kipenyo cha sehemu moja ya elfu ya milimita, hesabu inakupa kimo cha karibu mita 15.

Hicho ni kimo cha ghorofa ya nne au ya tano. Lakini hakuna anayeona maji ya ardhini yakifika huko, na sababu yake ndiyo iliyonifungua macho: ukuta hauvuti tu, unatoa pia. Chini unakunywa, usoni unatoa mvuke. Pale ambapo kinachoingia na kinachotoka vinalingana, maji husimama. Ndiyo maana kwenye kuta nyingi zinazovuta kutoka ardhini alama huishia chini ya mita moja, au moja na nusu.

Sasa uchukue ukuta huo, uuvike lipu nzito ya saruji, kisha uifunike lipu kwa rangi ya mafuta. Maji ya chini hayajui kwamba umepaka. Yanaendelea kuingia kama jana. Ulichokifanya ni kuyazibia mlango wa kutokea, nayo yatapanda hadi yapate pengine pa kupumulia.

Nilichagua rangi ya mafuta kwa sababu inafutika kwa kitambaa. Nilitaka Shangazi asihangaike.

## Mashine yenye taa nyekundu

Kabla sijayaelewa hayo, nilimwita mtaalamu wa kampuni moja ya kutibu unyevu. Alikuja na kifaa kidogo chenye sindano mbili. Akazichomeka kwenye lipu karibu na sakafu, na taa zote nyekundu zikawaka. Akazichomeka kwenye usawa wa bega, zikazima. "Unaona mwenyewe," akaniambia. Ukuta unavuta kutoka ardhini, utobolewe matundu chini kwa urefu wake wote na kujazwa dawa ya kuzuia maji.

Nilishawishika. Nilikuwa tayari kuanza kutafuta hela siku hiyohiyo, kwa sababu alikuwa amenipa kitu ambacho hatia hukitamani sana: jina la ugonjwa na tarehe ya kuanza tiba.

Kilichonisumbua ni kidogo sana. Hakutoka nje. Hakuuliza nyumba ina umri gani, doa lilianza lini, mvua ikinyesha linakuwaje. Alikaa chumbani dakika kumi, nyingi kati ya hizo akiandika.

Nikaenda kusoma namna kifaa kile kinavyofanya kazi. Hakipimi maji moja kwa moja. Kinapitisha umeme mdogo kati ya sindano mbili na kupima unavyopita kwa urahisi au kwa shida. Kwa kawaida vipimo vyake vimewekwa kwa ajili ya mbao, na kwenye mbao kinaaminika. Ukutani kuna chumvi, na chumvi ikipata unyevu kidogo tu hupitisha umeme vizuri kabisa. Kwa hiyo taa nyekundu inaweza kumaanisha maji mengi, au maji machache yenye chumvi nyingi, na haisemi hata kidogo maji yametoka wapi.

Sisemi kitupwe. Ukikitumia kulinganisha sehemu na sehemu, ukachora ramani ya ukuta mzima, kinakuonyesha pa kuanzia. Lakini anayetaka kujua kwa hakika hutoboa na kuchukua unga wa tofali kutoka ndani, kwenye vimo tofauti, akaupima uzito, akaukausha kwenye tanuri ya nyuzi 105, akaupima tena. Kilichopungua ni maji. Wengine huchanganya unga huo na kabidi ndani ya chupa ya chuma iliyofungwa: kabidi ikikutana na maji hutoa gesi, na msukumo wa gesi unasomeka juu ya chupa. Kazi hizo zinachukua muda, na hazina taa.

## "Mlitazama nje?"

Fundi mzee niliyemwendea baadaye amejenga kwa tofali tangu ujana wake. Nilimweleza kila kitu: picha, soketi, sindano, matundu. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Mlitazama nje?"

Tulikwenda naye. Hakuingia chumbani kwanza. Aliizunguka nyumba polepole, kichwa juu, akitazama paa, gata, pembe za madirisha, kisha akaizunguka tena akitazama chini. Aligonga lipu kwa mpini wa mwiko, akisikiliza. Lipu iliyoshika vizuri hujibu kwa sauti kavu na fupi, na iliyoachana na tofali hulia kama debe tupu. Upande wa chumba cha Shangazi ililia debe tupu kwa hatua sita mfululizo.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba doa linaonyesha maji yanapotokea, na mahali yanapoingilia inabidi pasakwe. Mzee aliyasaka kwa kuuliza wakati. Doa linalokolea saa chache au siku moja mbili baada ya mvua, likapauka jua likiwaka, kwake ni mvua inayopenya: ufa, kizingiti cha dirisha kisicho na mteremko, gata lililotoboka. Mara nyingi hukaa katikati ya ukuta au chini ya dirisha, na halina mstari wa mlalo. Doa lisilojali mvua wala jua, linalokua tu, ni bomba. Alituambia tufunge koki zote usiku, tukaandika namba za mita ya maji, asubuhi tukazisoma tena. Hazikusogea. Bomba likatoka kwenye orodha.

Linta, ile mihimili ya zege juu ya madirisha na milango, alizipita haraka, ila alisimama kwenye moja yenye ufa wa mlalo na michirizi ya kahawia. Nondo inashika kutu ndani, na kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana zege linapasuka. Hiyo alisema ishughulikiwe mapema, isiachwe ikae na madoa mengine kwenye foleni.

Kisha akasimama kwenye kibaraza cha zege kinachopita chini ya dirisha la Shangazi.

"Hiki kilijengwa na nyumba?"

Hakikujengwa na nyumba. Tulikimwaga sisi, mimi na binamu zangu, miaka mingi baadaye, ili Shangazi asikanyage matope akienda kwenye kamba ya nguo. Nakumbuka tulivyojivunia. Tulikinyanyua hadi kikalingana na sakafu ya ndani, tukamalizia kwa kushusha lipu ya saruji kutoka ukutani hadi juu ya kibaraza, pasibaki hata upenyo.

Mzee alichukua sururu, akavunja kipande kidogo pembeni mwa ukuta, akachimba kwa mkono. Kwenye kina cha vidole vinne akaufuta ukuta kwa kitambaa na kuniita. Kati ya mstari mmoja wa tofali na mwingine ulikuwepo ukanda mwembamba mweusi. Ilikuwa karatasi ya lami, ile ambayo mafundi huiita DPC na kuiweka ili maji ya ardhini yasipande ukutani, iliyowekwa na waliojenga nyumba kabla sijazaliwa. Ilikuwa nzima. Ilikuwa imefanya kazi yake miaka yote hiyo, mpaka siku tulipoifukia.

Ardhi au sakafu ya nje inatakiwa kuwa chini ya ukanda huo kwa angalau milimita 150. Ya kwetu ilikuwa juu yake. Maji ya mvua yaliyotua kibarazani yaliingia kwenye tofali juu ya kizuizi, na ile lipu tuliyoishusha kwa ustadi ikawa daraja la kuyavusha yale ya chini.

Nilikaa kwenye kibaraza changu kwa muda mrefu.

Dawa ya yule mtaalamu ingedungwa kuanzia ndani, kwenye ukuta ambao ulikuwa na kizuizi kizima tayari. Maji yangeendelea kuingilia nje, na pesa zingekwisha.

## Kuvu na chumvi

Nilitamani hadithi iishie hapo. Lakini kile cheusi kwenye kona hakikukubaliana nayo.

Kama maji yalitoka chini, kwa nini kuvu ilikuwa juu, na kule chini kwenye maji mengi hakukuwa na hata kidoa kimoja cheusi? Mzee alilijibu kirahisi: "Kuvu haipendi chumvi." Maji ya ardhini huja na chumvi zake, na ukuta uliojaa chumvi mara chache huota kuvu. Vidoa vyeusi kwenye kona, nyuma ya kabati, nyuma ya kitanda, kwa kawaida ni maji mengine kabisa. Ni maji ya hewani.

Tukafanya jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya. Tulikata vipande viwili vya karatasi ya alumini, tukavibandika ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, kimoja juu karibu na kuvu na kingine chini kwenye unga mweupe, kila kimoja mahali palipopanguswa pakakauka. Tukaviacha siku tatu. Cha chini kilikuwa na matone nyuma, upande wa ukuta. Cha juu nyuma kilikuwa kikavu, na usoni, upande wa chumba, asubuhi ya tatu kilikuwa na umande.

Ukuta mmoja, maji mawili.

Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kuacha umande ikigusa kitu chenye nyuzi chini ya 17 hivi. Na kuvu haingoji matone yaonekane. Unyevu wa asilimia 80 hivi kwenye uso wa ukuta, ukidumu, unaitosha. Mtu akilala anatoa mvuke usiku kucha. Kitanda kikibanwa ukutani, hewa haizunguki nyuma yake, na uso wa ukuta pale unabaki baridi kuliko chumba kizima.

Kuna uzi unaoyafunga maji hayo mawili pamoja, nao ulinichukua siku kadhaa kuuona. Tofali lililolowa hupitisha joto haraka kuliko tofali kavu. Ukuta uliolowa chini kwa sababu ya kibaraza ulikuwa unapoa zaidi usiku, na baridi hiyo ikaisaidia hewa ya chumbani kutoa jasho palepale. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa unaulisha wa pili.

Kwa hiyo mtu akiniambia sasa "hii ni kuvu tu, pangusa na dawa, fungua dirisha", namuuliza kwanza kwa nini ukuta huo ndio wa baridi kuliko wenzake.

## Unga mweupe

Nilidhani unga ule ni chokaa iliyochakaa. Nikaugusa kwa ulimi. Ulikuwa na chumvi na uchungu.

Maji yanapopanda huyeyusha chumvi za udongo na za tofali lenyewe. Yanapotoka kama mvuke, chumvi haiwezi kuyafuata; hubaki na kuganda. Ikiganda usoni, unapata manyoya meupe yanayoondoka kwa brashi, na tofali halidhuriki sana. Nyumba mpya pia hutoa manyoya hayo wakati maji ya ujenzi yanapokauka, na mara nyingi huisha yenyewe. Hatari ni pale inapogandia ndani, nyuma ya rangi au chini ya ngozi ya tofali. Fuwele zinakua mahali pasipo nafasi. Salfeti ya sodiamu, mojawapo ya chumvi hizo, ikinywa maji na kugeuka fuwele zenye maji, ujazo wake huongezeka zaidi ya mara tatu. Inasukuma mpaka kitu kiachie: rangi inavimba, lipu inalia debe tupu, uso wa tofali unadondoka magamba.

Ukiuona ukuta wa zamani ambao tofali zake zimelika zikaingia ndani huku mistari ya saruji iliyozibwa baadaye imebaki imesimama mbele kama mbavu, umeuona mchezo huohuo. Saruji ngumu ilikataa kupitisha mvuke, mvuke wote ukapitia kwenye tofali, na chumvi ikaila tofali. Chokaa ya zamani ilikuwa laini kuliko tofali. Iliumia yenyewe kwanza, na kuibadilisha ni rahisi.

Katika kusoma nilikutana na Mohenjo-daro, mji wa matofali ya kuchoma uliojengwa karibu mwaka 2500 kabla ya Kristo katika bonde la mto Indus, Pakistan ya leo. Matofali yake yalikaa ardhini zaidi ya miaka elfu tatu yakiwa salama. Yalipofukuliwa katika miaka ya 1920 yakakutana na hewa, maji yenye chumvi yakapata pa kutokea, na kuta zikaanza kugeuka unga mbele ya macho ya waliozifukua. Na nilikutana na Venice, mji wa Italia uliojengwa majini, ambako wajenzi wa kale waliweka mawe mazito kutoka rasi ya Istria chini, kwenye usawa wa maji, kisha tofali juu yake, kwa sababu mawe yale hayavuti. Walihesabu vizuri kwa maji ya zama zao. Ardhi ikadidimia, bahari ikapanda, na leo maji huyapita mawe na kuzifikia tofali. Tarehe 4 Novemba 1966 yalifika sentimita 194 juu ya usawa wa bahari unaotumika kupimia huko.

Niliisoma habari hiyo mara mbili. Wale walipandiwa na bahari. Sisi tulipandisha kibaraza.

Jambo la mwisho kuhusu chumvi ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu nilikuwa nimelifanya kwa mikono yangu. Kabla ya kupaka, mara zote mbili, niliuosha ukuta kwa maji mengi ili rangi ishike. Chumvi iliyokuwa imetoka ikayeyuka na kurudi ndani. Inatakiwa ipigwe brashi ikiwa kavu, ifagiliwe, itolewe nje ya nyumba.

Alichokuwa akikifanya Shangazi kila wiki kwa aibu ndicho kitu pekee sahihi ambacho ukuta ule ulitendewa.

Nilimwambia. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi vizuri."

## Ukuta mtupu

Tumeukata ule ukingo wa kibaraza ulioshikana na ukuta na kuchimba chini yake mpaka ukanda mweusi ukaonekana tena, kisha tukaendelea kushuka hadi milimita 150 na zaidi chini yake. Mtaro uliobaki tumeujaza kokoto, na maji ya gata tumeyapeleka mbali. Ndani tumebandua lipu yote hadi sentimita 40 juu ya alama ya juu kabisa. Tofali zimebaki wazi. Kitanda kimehamia katikati ya chumba, na dirisha linafunguliwa asubuhi.

Sasa tunangoja, na kungoja ndiko kugumu kuliko sururu. Kadirio ambalo mafundi wengi hulitumia ni kwamba ukuta hukauka kama milimita 25 za unene kwa mwezi, hali ikiwa nzuri. Ukuta wetu una milimita 230. Hiyo ni miezi tisa, pengine zaidi, kabla ya kuuvika lipu mpya, na safari hii itakuwa ya chokaa, na rangi ya chokaa juu yake. Binamu mmoja ameshaniuliza mara mbili kwa nini tusipake tu sasa, mbona umeonekana kukauka. Namwelewa. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema hivyo.

Wiki ya tatu nilipata hofu kubwa. Shangazi alinipigia alfajiri kusema ukuta umelowa tena, tofali zimekolea rangi, na hakuna mvua iliyonyesha. Nilikwenda nikiwa na uhakika kwamba tumekosea kila kitu, kwamba kuna bomba, kwamba yule mtaalamu wa sindano alikuwa sahihi. Mtaro ulikuwa mkavu. Mita ya maji haikusogea. Ilikuwa asubuhi nzito ya mawingu, hewa imeshiba maji.

Mzee alikuja, akaweka kiganja kwenye tofali, akasema tungoje mchana.

Mchana ukuta ulikauka wenyewe. Chumvi iliyobaki ndani hunywa maji ya hewani. Chumvi ya kawaida huanza kufanya hivyo unyevu wa hewa ukivuka asilimia 75 hivi. Ukuta uliokwisha kutenganishwa na ardhi unaweza kuendelea kulowa na kukauka hivyo kwa muda mrefu, na mtu asiyejua atavunja alichokwisha kukitengeneza. Tunazidi kuipiga brashi chumvi inayotoka. Kila wiki inatoka kidogo kuliko iliyopita.

Shangazi amechukua penseli. Kila Jumapili anachora mstari mfupi kwenye tofali pale unyevu unapoishia, na pembeni yake anaandika tarehe. Wa kwanza uko sentimita 80. Wa jana uko 61. Kati yake kuna mmoja uliopanda juu kuliko uliotangulia, nilipouona nikashtuka.

"Hiyo Jumapili ilikuwa na ukungu," akaniambia, bila hata kugeuka. "Ni chumvi. Tazama unaofuata."